Barabara Inayopita Amani

Makala za "siku mbili Zanzibar" zinafanana kiasi kwamba msomaji anaweza kuanzia katikati asipotee. Mwandishi amechoka na Dar es Salaam au Nairobi. Anapanda boti ya asubuhi, au ndege ndogo kama mshahara umeingia vizuri. Anashuka, anapotea kidogo katika vichochoro vya Mji Mkongwe, anapiga picha mlango wenye misumari ya shaba, na jioni anakula mishikaki Forodhani. Asubuhi ya pili anachukua gari. Aya inaisha hapo. Aya inayofuata inaanza na mchanga mweupe wa Nungwi au Paje.

Ninachotaka kukijadili ni ile nafasi tupu baina ya aya hizo mbili. Ndani yake mna saa nzima ya barabara, pengine zaidi. Mna Darajani, Michenzani, Amani na Kwerekwe, mna skuli zinazofunguliwa, na magari yanayopakia abiria wa shamba. Mwandishi amepita kote huko macho wazi, tena mchana kweupe, lakini ukurasani hakumo. Ukitaka kujua makala ya mapumziko ina uzito gani, usianze na ufukwe. Anza pale palipokatwa.

Kabla ya kulaumu, niseme wazi kwamba makala hizi sizidharau. Kwa miaka mingi msafiri katika maandishi ya pwani yetu alikuwa mtu kutoka mbali. Mwafrika aliingia kwenye habari kama mpagazi, mpishi, dereva, au sehemu ya mandhari. Leo kijana wa Mwanza au wa Kisumu anakaa upande wa abiria, anaweka mzigo wake nyuma, na anaandika kwamba alilala hadi saa nne asubuhi na hakujuta. Hilo ni jambo. Haki ya kupumzika na kuandika juu ya mapumziko ni haki kweli, na wanaowacheka vijana kwa "kujifanya watalii" mara nyingi wana maana kwamba starehe ya ufukweni ina wenyewe. Sikubaliani nao. Lakini ukishapata kiti cha msafiri unabaki na kazi moja, ya kuamua utakuwa msafiri wa namna gani. Kwenye kazi hiyo makala zetu nyingi zinakopa jibu lililokwisha kuandikwa na wengine.

Wengine hao ni nani? Richard Burton alifika Unguja Desemba 1856, na kitabu chake kikubwa juu ya mji na kisiwa hiki kikatoka mwaka 1872. David Livingstone alikerwa na uvundo wa ufukwe wa wakati ule hata akaupachika mji jina la dhihaka linalochezea neno la Kiingereza la kunuka. Evelyn Waugh alipita hapa katika safari zilizozaa kitabu chake cha mwaka 1931, na alichokishughulikia sana Unguja ni joto. Watu hawa watatu hawakuwa na nia moja wala kipaji kimoja. Lakini tazama wanapokutana: pua ya mgeni, jasho la mgeni. Habari ni mwili wa aliyefika, na mji ni kile tu kilichousababishia mwili huo adha.

Sasa ichukue makala yetu ya kisasa. Adha imegeuka raha. Maji ni vuguvugu, upepo ni mwanana, pweza ni laini, kitanda ni kikubwa. Ladha imebadilika, ila habari bado ni mwili wa mgeni. Kisiwa kimepandishwa cheo, kutoka kero hadi dawa, lakini bado kinasimuliwa kwa kile kinachomfanyia aliyekuja.

Hata safari fupi yenyewe si uvumbuzi wa kizazi chetu. Mwaka 1905 ilianza kazi reli ndogo iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani kutoka mjini hadi Bububu, kiasi cha maili 7. Abiria wake wa kila siku walikuwa wenyeji, lakini liliwekwa pia behewa la daraja la kwanza kwa ajili ya wasafiri wa meli zilizotia nanga, wapate kuona minazi na mikarafuu kisha warudi kabla meli haijang'oa. Reli ile ilikufa kabla ya mwaka 1930. Mpango wake haukufa. Hata leo mgeni anapelekwa shamba kuonyeshwa viungo, anavishwa kofia ya makuti, na anarudishwa mjini kabla ya saa ya boti. Anayeandika kwamba amegundua "Zanzibar ya kweli" kwa njia hiyo yumo ndani ya behewa lenye zaidi ya miaka mia moja.

Nimeichagua Amani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kijiografia. Njia za kutoka mjini ni kadhaa, na mojawapo inayotumika sana hutokea Michenzani, ikapita Amani, ikaenda Kwerekwe, kisha ikashika kusini na mashariki. Ya pili ni jina. Katika vipeperushi vya hoteli neno "amani" limekuwa kama chumvi, linanyunyiziwa kila kitu: amani ya bahari, amani ya moyo, amani ya machweo. Mji wenyewe unalitumia neno hilo kwa namna nyingine. Pale Mnazi Mmoja kuna Beit el Amani, jumba la kuba jeupe lililofunguliwa mwaka 1925 kuwa kumbukumbu ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza. Rais wa kwanza wa Zanzibar aliitwa Abeid Amani Karume, na jina hilo kamili liko kwenye uwanja wa ndege anaoshukia mgeni. Na Amani mtaa, wenye uwanja wa mpira ambao wenyewe huuandika kwa herufi mbili, Amaan, ni mojawapo ya mahali penye kelele nyingi kabisa kisiwani.

Kelele hizo zina historia. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1970, ukiwa umejengwa kwa msaada wa China, miaka sita baada ya Mapinduzi. Ulikarabatiwa upya na kufunguliwa tena Desemba 2023, kabla ya sherehe za miaka 60 ya Mapinduzi. Agosti 2025 ulikuwa miongoni mwa viwanja vya mashindano ya CHAN, yaliyoandaliwa kwa pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda. Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi vya Unguja na vya kutoka nje huandamana kwa mbio za polepole kuelekea uwanjani hapo. Wapo vijana, wapo wazee wenye fulana zinazobana matumbo, wapo kina mama waliovaa raba na baibui. Sijawahi kusoma makala ya mwaka mpya Zanzibar iliyoyaona. Nimesoma nyingi zilizohesabu fataki za ufukweni usiku wake.

Mwandishi wa makala ya mapumziko atasema kwamba hakuja kwa ajili ya hayo. Ni kweli. Lakini angalia kile anachokubali kukiona na kile anachokikataa, kwa sababu mstari huo hakuuchora yeye. Ng'ambo maana yake ni upande wa pili wa maji. Zamani mkono wa bahari uliutenga mji wa mawe na mitaa ya nyumba za udongo na makuti. Ukafukiwa kidogo kidogo, na barabara iliyopita pembeni ikaitwa Creek Road. Leo inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Maji yameondoka, jina la Ng'ambo limebaki, na mgawanyo nao umebaki. Wakati wa ukoloni upande mmoja ulihesabiwa kuwa mji, upande wa pili ukawa mitaa ya "wenyeji" ya kudhibitiwa na kupangwa upya. Baada ya Mapinduzi mambo yaligeuzwa: maghorofa marefu ya Michenzani yaliinuliwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki ili Ng'ambo iwe mji mpya. Kisha mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na macho ya wageni yakarudi upande ule ule wa mwanzo.

Sipingi Mji Mkongwe kutunzwa. Mtu yeyote aliyeona Beit al Ajaib ilivyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na mafundi wawili wakafa, anajua kwamba utunzaji si pambo. Ninachosema ni kwamba mwandishi anayefunga aya yake Forodhani na kufungua nyingine Nungwi anafuata ramani ya wapangaji miji huku akidhani anafuata hisia zake. Waliouona mstari huo na kujaribu kuufuta wapo. Mwaka 2019 ilichapishwa atlasi nzima juu ya Ng'ambo, inayouonyesha upande huu kuwa na majengo, sinema, baraza, muziki na kumbukumbu zake. Atlasi imefanya kazi yake, na waandishi wa simulizi za kweli bado tuna deni la kazi yetu.

Fasihi ya Kiswahili haikusubiri atlasi. Katika *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, Yasmini ni msichana wa Kihindi aliyeozwa akiwa bado mdogo kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa baba yake. Anapomkimbia mume na jamaa zake wakamfungia milango, mlango unaomfungukia ni wa Mwajuma, Ng'ambo. Ukipima kwa miguu, safari hiyo ni fupi mno, mtu huimaliza kabla kahawa haijapoa. Lakini kwa Yasmini ni kubwa kuliko safari yoyote ya kilomita 60 kwenda Nungwi, kwani anavuka kabila, dini, tabaka na amri ya wazee kwa wakati mmoja. Amil Shivji alipoitengeneza filamu yake, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, watazamaji wengi walisifu picha za mji wa mawe. Mimi naona nguvu ya kisa iko katika kuvuka. Shafi anajua kwamba katika mji huu umbali haupimwi kwa kilomita.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, anaifanya kazi inayofanana na hiyo kwa njia nyingine. Riwaya yake ya mwaka 1994 ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022 kwa jina la *Peponi*. Neno hilo hilo liko kwenye mabango ya hoteli. Lakini ndani ya kitabu pepo ni bustani yenye ukuta ya tajiri Aziz, na Yusuf, mtoto anayeitazama kwa hamu, ameletwa hapo kufidia deni la baba yake. Maji yanatiririka, matunda yanaiva, na anayeitunza bustani ni mzee aliyekuwa mtumwa. Gurnah hasemi kwamba bustani si nzuri. Ni nzuri sana, ndiyo maana swali la nani anaimwagilia haliwezi kukwepeka. Ningependa kila anayeandika juu ya bwawa la kuogelea la hoteli aisome sura ya bustani kwanza, kisha aandike anavyotaka.

Na kama mtu ataona riwaya si kipimo cha haki kwa simulizi za kweli, tuna Shaaban Robert. Wasifu wake wa Siti binti Saad ni miongoni mwa misingi ya aina hii ya uandishi katika lugha yetu, nao una barabara ndani yake: ya kutoka Fumba kwenda mjini. Siti hakuipita kwa gari lenye kiyoyozi. Ni msichana wa shamba, binti wa mfinyanzi, anayeingia mjini na vyungu vya kuuza. Baadaye alihamia mjini moja kwa moja, akaishi Ng'ambo, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Mkondo mkubwa wa taarabu ya Kiswahili, ile ambayo mgeni huisikiliza hotelini akila chakula cha jioni, ulipita kwenye njia ya mchuuzi wa vyungu. Kuifuta barabara ni kumfuta Siti.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba Waswahili waliokuwa wa kwanza kuandika safari zao kwa nathari walikuwa na mwendo wa haraka kama sisi, na hawakuwa na uhuru wetu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyo wa *Safari za Wasuaheli*. Mmoja wao, Salim bin Abakari, alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896 akimtumikia Mjerumani. Hakuchagua njia wala muda wa kukaa. Hata hivyo anaeleza vyombo alivyopanda, baridi aliyoikuta, miji aliyopita, wanachokula Wakalmuki na namna wanavyoishi. Anakosea mahali pengine, na anahukumu kama anavyohukumu mgeni yeyote. Lakini njia haimpotei. Kati ya mji na mji kuna kitu, na kitu hicho kina watu.

Tofauti iko wapi, kama si katika muda wala hiari? Nadhani iko kwa msomaji waliyemfikiria. Mtumishi aliyeandika safari yake alijua kwamba kuna mtu wa Bagamoyo au wa Unguja atakayeuliza: mlikula nini, mlilala wapi, ililipwa kiasi gani, wenyeji walikutazameni vipi? Mwandishi wa makala ya mapumziko anamwandikia mtu mmoja tu, yule anayefikiria kwenda wiki ijayo. Kwa mtu huyo barabara ni usumbufu wa saa moja, hivyo inakatwa.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, na ndipo naona uzito hasa wa jambo hili. Makala ya Kiingereza juu ya Unguja ina kinga ya aina yake. Dereva aliyeelezwa humo kuwa "mcheshi mwenye meno meupe" pengine hataiona. Papasi aliyeitwa kero hatajibu. Jamaica Kincaid aliielewa kinga hiyo, akaamua kuivunja. Katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya Antigua anampakia mtalii kwenye teksi kutoka uwanja wa ndege na kumpitisha njia yote: skuli, hospitali, maktaba iliyoharibiwa na tetemeko la mwaka 1974 na ambayo bado haikutengenezwa. Kila kituo anamwambia mtalii kile ambacho hakuwa na nia ya kukiona. Kincaid anaandika kama mwenyeji anayemsemesha mgeni, na kwa hasira. Anaweza, kwa kuwa lugha ya mgeni anaijua.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuko mahali pagumu zaidi, na pazuri zaidi. Kinga hiyo hatuna. Konda wa daladala namba 505 ana simu. Binti anayetandika vitanda Paje ana simu. Muuza machungwa wa Amani anaweza kuisoma makala yetu akiwa amekaa juu ya kreti, akamsomea jirani, na wote wawili wakacheka mahali ambapo hatukukusudia kuchekesha. Kwa hiyo nina kipimo kimoja ambacho nakipendekeza kwa mhariri na mwandishi: je, makala hii inaweza kusomwa kwa sauti ndani ya gari lile lile lililokupeleka, dereva akiwa anasikia, na wewe ukiwa bado hujashuka?

Kipimo hiki hakidai usifu kila mtu. Dereva hahitaji kusifiwa. Kinadai usahihi na adabu, na adabu ya pwani ni kitu cha kufuata, si tabasamu tu. Unaingia, unasalimia. "Shikamoo" kwa mkubwa, "salaam aleikum" kwa waliopo, kisha ndiyo safari. Mara ya mwisho nilipopita Amani ilikuwa Ijumaa karibu na saa saba mchana. Gari lilipunguza mwendo kwa sababu wanaume wenye kanzu walikuwa wanavuka kwenda msikitini, na mbele yao watoto wa skuli, wasichana kwa mitandio meupe, walikuwa wanarudi nyumbani. Vibanda vya nguo za mitumba vilikuwa vimefunikwa turubai. Kinyozi aliacha mteja na sabuni kidevuni akatoka kutazama foleni. Abiria mmoja mgeni aliuliza kama kuna ajali. Dereva alimjibu kwa upole kwamba hakuna, ni Ijumaa. Hapakuwa na tukio lolote hapo. Lakini nilimwona mji ukifuata saa yake, na wageni wakiingojea bila kujua wanangojea nini. Sentensi tatu za namna hiyo zingetosha kuijaza ile nafasi tupu, wala zisingemnyima mtu usingizi wa ufukweni.

Kuna hoja inayopinga yote haya, nayo si dhaifu. Mtu amefanya kazi miezi kumi na moja. Ana siku mbili. Kwa nini umbebeshe historia ya Ng'ambo, hesabu za mishahara na dhamiri ya Kincaid? Mapumziko ni kuacha kuona. Nakubali kwamba mapumziko ni kuacha kuona. Anayepumzika ana ruhusa ya kulala garini kutoka Malindi hadi Jambiani. Lakini kuandika ni kuamka. Ukishafungua ukurasa, umeacha kupumzika na umeanza kushuhudia, na shahidi hawezi kusema kwamba alikuwa likizo. Kama barabara huikumbuki, sema ulilala. Hiyo ni sentensi ya kweli na ina mzaha wake. Ubaya ni kuandika kama kwamba kati ya mishikaki na mchanga hapana mtu.

Tena tukumbuke hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi, ndiko Amani iliko. Wageni walioingia mwaka 2024 walipita 700,000. Kwa kila wakaazi kumi, karibu wageni wanne kwa mwaka. Katika kisiwa chenye urefu wa kilomita kama 85, uwiano huo unamaanisha kwamba wanaokuja na waliopo wanagusana kila siku: kwenye bei ya samaki Darajani, kwenye kodi za nyumba, kwenye maji, kwenye ajira, kwenye mavazi yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa mtaani. Mgusano huo ndio habari kubwa ya Unguja ya sasa. Makala inayouruka inakosa habari iliyoko miguuni pake, na hiyo ni kasoro ya uandishi kabla hata hatujafika kwenye maadili.

Ni rahisi kudhani kwamba ninataka makala nzito, zilizojaa tarehe. Sitaki. Binyavanga Wainaina alipata Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa simulizi ya kurudi nyumbani na kusafiri kwa barabara hadi Uganda, na ni simulizi nyepesi, ya kejeli, yenye vilevi na ndugu wasiokwisha. Wepesi wake unatokana na kwamba kila aliyekutana naye amepewa nafasi ya kuwa mtu. Utamu na uangalifu vinaweza kukaa kiti kimoja. Tunadhani haviwezi kwa sababu tumezoea kugawana: utamu upewe Nungwi, uangalifu upewe ripoti za mashirika.

Basi kama nikiletewa kesho makala ya siku mbili Zanzibar, nitaanza kuisoma pale gari linapoondoka mjini. Nitatazama kama kuna jina la mtaa hata mmoja usio na hoteli. Nitatazama kama dereva ana neno alilolisema mwenyewe, au amepewa tabasamu peke yake. Nitatazama kama mwandishi amesema alilipa kiasi gani, na alilipwa nani. Nitatazama kama mwenyeji yeyote amepata kumtazama yeye, mgeni, na kuona kitu cha kuchekesha. Nikivipata viwili kati ya hivyo, machweo yaje na rangi zote yatakazo, nitayasoma kwa furaha.

Nisipopata hata kimoja, nitamrudishia mwandishi na maelezo mafupi. Nitamwambia arudi kwenye ile aya ya asubuhi ya pili, pale alipoandika kwamba waliondoka mjini na baada ya saa moja wakawa baharini. Aivunje katikati. Kisha aandike alichokiona kwenye mzunguko wa Amani, gari lilipokuwa limesimama, kabla halijakunja.